Mnyamwezi wa Kuazima: kutoka Mikumi hadi Chanzuru kwa pikipiki na kwa miguu

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ubishi. Katika miaka yangu mitatu ya Chuo Kikuu nilikuwa nimeandika insha saba juu ya vijiji vya ujamaa, na zote zilipata alama nzuri. Siku moja, tukiwa kwenye foleni ya chakula, rafiki yangu Mika aliniuliza kama nimewahi kulala katika kimojawapo. Nikasema sijawahi. Akageuka, akawatangazia waliokuwa nyuma yetu kwamba huyu Maganga ni bingwa wa kuogelea asiyejua maji yana rangi gani. Mitihani ilipokwisha tulichukua pikipiki ya kaka yangu, ambaye alikuwa masomoni ng'ambo na kwa hiyo hakuweza kukataa, tukashika njia ya kusini.

Pikipiki hiyo tuliipa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa ilikuwa na sauti kubwa, ilikunywa sana, na haikuanza kazi mpaka isukumwe.

Sitasimulia wiki zote tatu. Njombe kuna baridi, Mbeya kuna viazi, na Mlima Kitonga unashukwa kwa sala, hayo yanajulikana. Tena daftari langu la siku hizo halina faida kwa mtu yeyote. Kila kijiji tulichofika niliuliza swali moja: mlihamia hapa kwa hiari? Na kila kijiji kilinipa jibu moja: kwa hiari, ndugu, na maendeleo ni mazuri. Nilikuwa na kurasa thelathini za jibu hilo. Kwa hiyo nitaanzia Mikumi, siku nne kabla ya kurudi, ambapo safari ilianza kuwa safari.

Kwanza ieleweke kwamba Mika ni Msagara wa Kilosa, na mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Wazee wangu walipita katika milima ya wazee wake wakiwa na pembe na mizigo mabegani, na tangu enzi hizo sisi ni watani: yeye ana ruhusa ya kunitukana, mimi nina ruhusa ya kumtukana, na hasira hairuhusiwi kwa yeyote. Mika aliitumia ruhusa hiyo bila kupumzika. Aliniita mpagazi. Alinikalisha nyuma, akidai kwamba ndiyo sehemu ya mizigo. Mimi nilijibu mara moja moja tu, kwa uvivu, maana msimamo wangu ulikuwa unajulikana: utani ni masalio ya ukabila, na jamii mpya itauzika pamoja na mengine. Niliwahi kulisema hilo kwenye mjadala na nikapigiwa makofi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, tuliingia Mikumi mjini tukiwa na petroli ya kutosha kulowesha kitambaa. Kituo cha mafuta kilikuwa na foleni ya malori na mzee mmoja aliyekaa juu ya pipa.

"Shikamoo, mzee. Petroli ipo?"

"Marahaba. Ipo."

"Tupatie lita nane."

"Imekwisha."

"Umesema ipo."

"Ipo Morogoro," alisema mzee, bila kukasirika. "Inakuja."

Dereva mmoja wa lori alitusikia, akacheka, akakubali kutuchotea galoni moja kutoka kwenye dumu lake kwa kubadilishana na tyubu yetu ya akiba. Lakini alitaka kwanza amalize kula na kulala kidogo chini ya lori. Tukasema vizuri, tutakwenda kuangalia wanyama.

Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, na kilomita chache kutoka mjini, kwa matone ya mwisho ya petroli, tulimkuta askari wa wanyama amesimama na baiskeli yake. Alitupungia mkono tusimame.

"Mnakwenda wapi na hicho?"

"Kutazama tembo," nikasema.

"Gari lina milango. Hicho kina nini?"

"Sisi ni raia. Barabara hii ni ya wananchi wote."

"Sawa," alisema askari. "Mwambie tembo."

Mika aliona hoja hiyo ni nzito, akageuza. Wakati wa kugeuza Mheshimiwa akazimika. Na wakati amezimika, twiga wawili wakatoka vichakani upande wa kushoto, wakasimama katikati ya lami, wakatutazama kutoka juu jinsi msajili wa chuo anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa. Sijui kama mmewahi kusukuma pikipiki huku mnatazamwa na twiga. Mtu hujiona mfupi. Mika alikaa juu ameshika usukani, mimi nikawa nasukuma.

"Mpagazi, ongeza mwendo!"

"Shuka na wewe usukume."

"Wasagara hatusukumi. Sisi tulikuwa tunakaa mlimani tunawahesabu mkipita."

Askari alituacha tufanye hivyo mpaka akaridhika, kisha akaja kusaidia.

Ijumaa asubuhi tuliiacha lami, tukashika njia ya udongo kuelekea kaskazini, na baada ya saa mbili za matope tukafika Ulaya. Msomaji asishtuke. Ulaya ni kijiji kati ya Mikumi na Kilosa. Kaka yangu aliandika barua za maombi kwa miaka mitatu ili afike Ulaya yake. Sisi tulifika kwa galoni moja, ila tulifika tumepakwa tope mpaka nyusi. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama madawati darasani. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole mwenye kofia ya pamba, aliomba barua yetu ya utambulisho, akaisoma pande zote mbili pamoja na upande usiokuwa na maandishi, ndipo akatukaribisha ugali wa unga wa njano na mlenda.

Tulipokwisha kunawa nilitoa daftari langu.

"Ndugu Mwenyekiti, watu wa hapa walihamia kwa hiari?"

"Kwa hiari, ndugu. Na maendeleo ni mazuri."

Kutoka jikoni mke wake alikohoa. Niliandika jibu la mwenyekiti. Kikohozi sikukiandika, na hilo ndilo kosa la kiuchunguzi ninalolijutia kuliko yote.

Mika siku hiyo hakuwa Mika. Alinitukana mara mbili tu kutwa nzima, na zote kwa kupitiwa. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema anafikiria kazi. Hilo niliweza kulielewa, kwa sababu alikuwa amepangiwa kwenda kufundisha sekondari huko kwetu Tabora, na treni yake ingepita Kilosa Jumatatu. Nilimfariji kwa kumwambia kwamba Wanyamwezi ni watu wavumilivu na watamfundisha kuvaa viatu. Hakunirudishia tusi. Nikaanza kuogopa.

Jumamosi, karibu saa saba mchana, tuliingia Kilosa. Mjomba wake Mika, Mzee Elia, alikuwa mstaafu wa reli, na nyumba yake ilikuwa karibu na stesheni kiasi kwamba kila treni ikipita vikombe vinasalimiana kabatini. Kwa Wasagara mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye msemaji. Tulimwamkia, akaitika, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Mjomba," Mika akasema.

"Mnyamwezi kabisa? Si hawa waliozaliwa Kimamba kwenye mikonge?"

"Wa Tabora. Baba na mama."

"Na Chanzuru hajaoa?"

"Hajaoa popote. Nani amtake?"

Mzee Elia aliitika kwa kichwa taratibu, mfano wa mtu anayekagua fahali mnadani. Nikauliza, kwa heshima yote, mimi ndiye nani.

Hapo Mika alitazama vidole vyake vya miguu, akaanza kusema. Pale Chanzuru, mwendo mfupi kutoka mjini, yupo mwalimu wa elimu ya watu wazima aitwaye Agnesi. Mika anataka kumuoa, na Agnesi anajua. Lakini miezi miwili iliyopita babu yake Agnesi, Mzee Petro, aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile, alifariki. Alizikwa vizuri, kanisa lilifanya yake, ila matanga hayajaondolewa, kwa sababu mwenye kuyaondoa ni mtani. Na mtani wao wa siku zote, mzee wa Kinyamwezi aliyefanya kazi mikongeni, alistaafu akarudi kwao. Wanyamwezi wengine waliobaki wameoa pale pale. Wamekuwa wakwe, na mkwe hawezi kumtukana mama mkwe. Matanga yakiwepo, neno la posa haliingii katika nyumba ile. Mika anaondoka Jumatatu na hatapata likizo ndefu mpaka mwakani. Na yupo karani wa ushirika huko Rudewa ambaye ameshamtumia Agnesi salamu mara mbili. Za pili zilikuja na redio.

"Kwa hiyo safari yote hii," nikasema, "wiki tatu, mlima, tope, twiga..."

"Safari ilikuwa ya ujamaa," Mika akasema. "Hapa tumechepuka tu."

"Na kama ningekuwa Mchaga?"

"Ungekuwa bado uko kwenye foleni ya chakula."

Nilimgeukia Mzee Elia. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mimi siamini mambo haya, kwamba utani una historia yake ya kiuchumi katika biashara ya misafara, na kwamba mtu hawezi kumpa kazi mtu mwingine kwa sababu ya mahali babu yake alikopita.

Mzee Elia alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana," alisema, "hakuna aliyekuuliza unaamini nini. Tumekuuliza kabila."

Alasiri ile alinifundisha kazi. Unaingia uani bila hodi. Unamtukana marehemu, unawatukana wafiwa, mpaka wacheke. Wakicheka, unauzima moto wa matanga na kufagia majivu. Halafu unakamata chochote unachokitaka ndani ya nyumba ile, nao wanakikomboa kwa kitu kingine, hata kuku, na mambo yamekwisha. Sharti ni moja: wacheke. Wasipocheka, umefagia majivu ya bure.

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda Chanzuru kwa miguu. Jumapili mchana ikifika saa nane vyombo binafsi haviruhusiwi barabarani, ili taifa libane mafuta, na Mzee Elia hakutaka tukamatwe tukiwa kwenye posa. Mheshimiwa alibaki Kilosa amepumzika, kazi anayoiweza.

Ua ulikuwa umejaa. Wanawake walikaa mikekani, wanaume kwenye viti na magogo. Katekista alikuwa amekaa pembeni, uso ameuelekeza kwenye mgomba, ili kanisa lisiwe limeona. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye kiti chenye mikono. Katikati, karibu na moto mdogo, alikaa mjane, Bibi Debora, mdogo wa mwili, kaniki kichwani. Agnesi alikuwa nyuma yake, na niliona mara moja kwamba Mika hajafikiria kazi hata siku moja katika wiki ile.

Niliingia bila hodi, nilivyofundishwa. Nikafika mbele ya yule bibi. Akainua macho yake mekundu akanitazama. Na miguu yangu, bila kuniuliza, ikapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. "Poleni sana kwa msiba."

Mika alijishika kichwa.

"Huyu ni mtani," akauliza shangazi mmoja mnene, "au ni karani wa sensa?"

Bibi Debora hakuitikia marahaba. Aliwageukia wenzake kwa masikitiko ya kweli. "Ametuamkia," alisema. "Ametupa pole." Akajipiga paja. "Ametupa pole upya, jamani!" Na papo hapo akaangua kilio, na wanawake wote wakaangua kilio, na kilio kilichokwisha miezi miwili iliyopita kikaanza upya.

Mzee Elia alinivuta kwenye kona ya nyumba kwa mkono usio na ustaafu hata kidogo.

"Umetumwa kuondoa matanga, umeyaongeza!"

"Mzee, ni bibi kizee. Anafanana na nyanya yangu."

"Ndiyo sababu hatumtukani sisi. Rudi."

Nilirudi. Nilijaribu tusi nililoandaa usiku kucha kichwani, kuhusu Wasagara na uvivu. Lilitoka dogo, na mwisho wake nikaliongezea "samahani". Shangazi mnene akawaambia jirani zake kwamba kwa sauti hiyo hata kuku hawezi kufukuzwa. Nilipomtazama Mika niliona ameacha kujishika kichwa. Amekaa tu, mikono magotini, anamtazama Agnesi namna mtu anavyotazama basi likiondoka. Wiki tatu nilikuwa nimekaa nyuma yake na sikuwahi kuiona sura ile. Nikajua kwamba jambo hili limekuwa la kweli, na kwamba linaharibika mikononi mwangu.

Mimi, niliyeandika kwamba heshima ni kamba ya wazee ya kuwafungia vijana, nilikuwa nimesimama mbele ya kizee mmoja nimefungwa ulimi na mikono. Sikuwa na tusi. Nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokizoea. Nikatoa daftari mfukoni, nikafungua ukurasa mpya, nikauliza.

"Mzee Petro alihamia kijijini hapa kwa hiari?"

Vilio vikapungua. Mwenyekiti akajiweka sawa kitini.

"Kwa hiari, ndugu," alisema, "na maendeleo..."

"Sikukuuliza wewe. Wewe ulifiwa na mume?" Nilishtuka kusikia sauti yangu. "Nimemuuliza mjane. Au Wasagara mnajibiwa hata maswali ya ndani ya nyumba zenu?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Bibi Debora akajifuta pua kwa ncha ya kaniki.

"Alihamia amelala," alisema.

"Amelala vipi?"

"Kitandani. Walipokuja kutuhamisha alisema, mimi sitoki kitandani mwangu. Wakambeba na kitanda."

"Watu wangapi?"

"Wanne. Na huyu hapa mbele," akamwelekezea mwenyekiti kidole, "na bendera."

Kicheko cha kwanza kikatoka kwenye magogo. Nikaandika. "Na marehemu, huko kitandani, alikuwa anafanya nini?"

"Anawaelekeza. Kushoto, kuna shimo. Inueni miguu, mto huo. Wewe wa nyuma, unapindisha, nitaanguka."

"Hata asante hakutoa?"

"Aliwaambia wakirudi wamletee na mlango."

Hapo ua wote ulipasuka. Shangazi mnene alilala kabisa ubavu kwenye mkeka. Nilimgeukia mwenyekiti, nikamwambia kwamba nchi nzima nimezunguka na sijaona kiongozi aliyemwezesha mwananchi kuhamia kwa hiari bila kuamka. Nilitegemea akasirike. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Alikuwa mzito yule mzee!" alisema, machozi yakimtoka. "Mtu mwembamba vile! Kumbe aliweka mawe chini ya godoro!"

"Si mawe," alisema Bibi Debora. "Mahindi. Gunia zima. Na jogoo."

"Jogoo?"

"Ulifikiri aliyekuwa anawika njiani ni nani?"

Naye akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikampanda mabegani, mpaka akafunua kichwa ili apate hewa, na nikaona kwamba kumbe ni mtu mwenye sura ya uchokozi kuliko Mika. Kuanzia hapo nilifunguka. Niliwauliza kama marehemu alipofika mbinguni naye alikaribishwa amelala. Niliuliza kwa nini watu wazima wanakaa matanga miezi miwili kwa ajili ya mtu aliyewapanda vichwani maili tano. Katekista alikuwa bado anautazama mgomba, lakini mgongo wake ulikuwa unacheka. Niliuzima ule moto kwa maji, nikafagia majivu hadi nje ya ua, na hakuna aliyelia.

Wakaleta kuku. Nikamkataa. Wakaleta wawili, nikasema Mnyamwezi habebeshwi mzigo mwepesi. Mzee Elia alinikazia macho, maana hili halikuwa katika mafunzo. Nikapita katikati ya mikeka, nikamshika Agnesi kiganja.

"Nachukua huyu."

Agnesi hakuvuta mkono wake. Alinitazama tu, mwalimu akimtazama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi.

"Mimi si kuku, mtani. Uliza kwanza. Si umekuja na daftari?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamwachia, nikafungua daftari kwa adabu.

"Karani wa Rudewa unamtaka?"

"Redio yake inakwaruza."

"Na yule aliyejificha nyuma ya mjomba wake?"

Mika alitokeza nusu ya uso.

"Yule namtaka," alisema Agnesi, na sauti yake ilishuka kidogo, utani ukaisha kwa pumzi moja. "Lakini simwachi Bibi hivi hivi. Bibi yuko darasani kwangu, amefika herufi ya K. Siku atakapoweza kunisomea na kuniandikia barua mwenyewe, bila kumpa mtu mwingine siri zetu, ndipo nitapanda treni. Kabla ya hapo, Tabora ibaki Tabora."

Mika alisema atasubiri. Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na shangazi mnene akamwambia hakuna aliyemwita.

"Basi," nikamwambia Bibi Debora, "mkomboe mjukuu wako. Sitaki kuku. Nataka mzee huyu wa reli asikilizwe leo hii, kabla jua halijatua."

Bibi alifikiri.

"Atasikilizwa," alisema. "Lakini na mimi nina langu. Mtani wetu alituacha. Siku nikifa, uje wewe. Popote utakapokuwa, na kazi yoyote watakayokupa huko. Uje unitukane vizuri kuliko leo, maana leo mwanzoni ulinitia aibu. Na usiniamkie."

Nilikuwa na maswali mengi: kwa nini mimi, nani atanipa habari, na je, kama wakati huo nitakuwa ng'ambo. Yote nilikuwa nayo. Nikasema, "Nitakuja." Mzee Elia akakohoa, akavuta kiti, akaanza kusema habari za mpwa wake kwa maneno ya kuzunguka sana, kama wanavyofanya washenga, mpaka kivuli cha mgomba kikafika mlangoni. Jibu lilikuwa ndiyo, kwa sharti la Agnesi.

Jumatatu asubuhi, stesheni ya Kilosa, nilimbebea Mika begi lake hadi ndani ya behewa. Alisubiri nikae nalo begani mbele ya abiria wote ndipo akasema, "Mnaona? Asili haipotei." Treni ilipoanza kutembea alitoa kichwa dirishani, akafungua mdomo anitukane tena, akashindwa. Akapunga mkono tu. Kwa Mika, hiyo ni hotuba.

Nilipita Rudewa peke yangu, katikati ya mashamba ya mkonge, nikatokea Dumila, na saa tisa nilikuwa Morogoro nasukuma Mheshimiwa kwenye mteremko. Dar es Salaam niliingia jua linazama.

Chuoni waliniuliza nimegundua nini. Niliwaambia kwamba kurasa thelathini za daftari langu ni za kutupa, na moja ni ya kutunza. Nilikuwa nimezunguka nchi nikiuliza swali zuri nikiwa mgeni mwenye barua ya utambulisho, na mgeni mwenye barua hupewa jibu la barua. Kumbe watu wale walikuwa na mahali pao pa kusemea ukweli mbele ya mwenyekiti, katekista na marehemu, na kila mtu akarudi nyumbani salama. Ni vile tu mahali hapo nilikuwa nimeshapazika, kwa makofi, kwenye mjadala. Bado nauliza kila kitu. Ila siku hizi kabla ya kuuliza najiuliza, katika nyumba hii mimi ni nani.

Miezi minane baadaye nilipata bahasha yenye muhuri wa Kilosa. Nikakumbuka ahadi yangu kwa Bibi, nikakaa chini kwanza ndipo nikaifungua. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya daftari la shule. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zikipanda juu ya mstari, nyingine zikianguka chini yake:

MPAGAZI. SIJAFA. AGNESI ANAONDOKA NA TRENI YA IJUMAA. WAAMBIE WATU WA KWENU WAMPOKEE, WASIMPE MZIGO. NIMEANDIKA MWENYEWE.

Nikachukua kalamu, nikamwandikia matusi ukurasa mzima, kwa mwandiko mkubwa, ili ayasome bila msaada wa mtu.